Huyu anaitwaje? Maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu majina ya viumbe, kutoka Deep Sea hadi Amani

Kazi yangu ni kutembeza wageni msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Siku nisipokuwa na mgeni nashinda soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga mjini, na daftari mkononi. Watu wamenizoea. Mmoja ananijia na kopo la rangi lenye mdudu ndani, mwingine na jani alilolifunga gazetini, wa tatu ananigeuzia simu: "Mwalimu, huyu anaitwaje?" Maswali yamekuwa yaleyale, nimeona niyajibu mara moja.

Jina la Kiswahili lipo. La Kilatini la nini tena?

Mwambie mtu wa Mwanza akuletee dagaa. Mwambie na wa Kigoma. Halafu nenda mwenyewe Deep Sea alfajiri, mashua zinapoingia, ununue dagaa mcheli. Wapange mezani. Wa Mwanza ni *Rastrineobola argentea*, wa ukoo wa kuyu na ningu. Wa Kigoma kwa kawaida ni wawili waliochanganyika, *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, ndugu wa sardini. Mcheli wa bahari yetu ni wa jenasi *Stolephorus*, familia nyingine kabisa. Familia tatu, jina moja. Kikaango hakijali, lakini anayetaka kujua samaki hao wanazaliana mwezi gani, au tundu la wavu liwe na ukubwa gani, hawezi kufanya kazi na neno "dagaa" peke yake.

Upande wa pili kiumbe kimoja hubeba majina mengi. Mimi nasema kinyonga, mwenzangu wa pwani hiyohiyo anasema lumbwi, na ukipanda Usambara utasikia jingine la Kisambaa.

Jina la nyumbani halina kosa lolote. Lina kazi zake: kuuza, kupika, kutania, kuonya watoto. La kisayansi limepewa kazi moja tu, kwamba mtu wa Tanga na mtu wa Tokyo wakilitamka wawe wanamzungumzia kiumbe yuleyule. Nikimwandika samaki daftarini naandika yote mawili, na la mvuvi ndilo huanza, kwa sababu ndiye aliyenionyesha.

Maneno yale mawili yanasomwaje?

Utaratibu huu tunamshukuru Carl Linnaeus wa Uswidi. Kwa mimea tunaanza kuhesabu majina tangu kitabu chake cha 1753, kwa wanyama tangu toleo la 1758 la kitabu chake kingine. Kabla yake jina la mmea liliweza kuwa sentensi nzima ya Kilatini. Yeye aliyakata yakawa mawili: la kwanza jenasi, la pili la spishi. Mnazi ni *Cocos nucifera*, na hilo la pili maana yake ni mbeba kokwa.

Jenasi huanza kwa herufi kubwa. Neno la pili huanza kwa herufi ndogo, hata likiwa limetokana na jina la mtu au la mji. Yote mawili huandikwa kwa mlazo. Kwa wanyama mara nyingi huongezwa jina la aliyemweleza kwanza na mwaka, na hapo kuna mabano yanayowachanganya wengi. Mfano wa kwetu ni kinyonga wa pembe mbili wa Usambara Mashariki, *Kinyongia vosseleri* (Nieden, 1913). Mabano yanakwambia kwamba Nieden alipomweleza mwaka 1913 alimweka jenasi nyingine, na wengine ndio waliomhamisha baadaye. Bila mabano ingekuwa na maana kwamba hajawahi kuhama. Kwa alama ndogo namna hiyo, umeshapata historia yake.

Himaya, faila, ngeli, oda... ndiyo nini hizi?

Ni anwani. Kwetu mtu anaulizwa nchi, mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, kitongoji. Kiumbe anaulizwa himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Saba kwa saba. Kinyonga yule wa Amani: himaya Animalia, faila Chordata, ngeli Reptilia, oda Squamata, familia Chamaeleonidae, jenasi *Kinyongia*, spishi *Kinyongia vosseleri*. Usikariri. Watoto wanakaririshwa ngazi hizi kama jedwali la kuzidisha, kisha wanaondoka hawajui zinatumika wapi. Kumbuka tu kwamba ukishajua familia, umeshajua mambo mengi ambayo hakuna aliyekwambia: kwamba vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili, kwamba ulimi wake hurushwa, kwamba macho yake huzunguka kila moja kivyake.

Na mipaka hii, kama ya wilaya, imechorwa na watu. Wilaya hugawanywa, familia nazo hugawanywa. Spishi ndiyo yenye mizizi zaidi kwenye maumbile yenyewe, kwa sababu wanyama wenyewe wanajua nani wa kuzaa naye, na hata hapo kuna ubishi, kama utakavyoona kwa silikanti, yule samaki wa kale.

Sasa neno ngeli. Aliyelichukua kutoka kwenye sarufi akalileta kwenye biolojia alituachia zawadi. Tazama neno "kinyonga" lenyewe. Umbo lake ni la KI-VI, sawa na kiti na kikapu. Lakini hakuna Mswahili asemaye "kinyonga hiki kimepanda mti". Tunasema "kinyonga huyu amepanda". Kiambishi cha mbele kinadai hivi, upatanisho unasema vingine, na sisi tunafuata upatanisho bila hata kufikiri. Mwanabiolojia hufanya vivyo hivyo. Pomboo ana umbo la samaki, ana mapezi, anaishi baharini. Lakini anavuta pumzi kwa mapafu, anazaa, ananyonyesha, na ukitazama mifupa ndani ya pezi lake unakuta mkono wenye vidole. Umbo ni kiambishi. Mwenendo na undani ndio upatanisho. Pomboo hakuwekwa kundi moja na ng'ombe kwa kumdharau nguru.

Mnajuaje kwamba ni huyu na si yule?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ninapoulizwa zaidi, hasa kuhusu nyoka wa kijani.

Watu wetu wakiona nyoka mwembamba wa kijani juu ya mwembe wanasema ukukwi, na wanaua. Jina hilo linaweza kumhusu mmoja kati ya nyoka watatu wasiokuwa na undugu wa karibu. Wa kwanza ni *Dendroaspis angusticeps*, mamba wa kijani, mwenye sumu kali. Wa pili ni *Dispholidus typus*, ambaye naye sumu yake huua kwa kuharibu kuganda kwa damu. Wa tatu ni jenasi *Philothamnus*, wala vyura na mijusi, wasio na madhara kwa mtu.

Tunachotumia kinaitwa ufunguo wa utambuzi. Ni mfululizo wa maswali ya ndiyo na hapana, kila jibu likikupeleka kwenye swali linalofuata. Siku moja kijana wa Muheza aliniletea nyoka aliyekufa kwenye kiroba, tukamlaza juu ya jamvi. Swali la kwanza: magamba ya mgongoni yana tuta dogo linalopita katikati? Unapitisha ukucha. Yangekuwa nalo, na jicho likawa kubwa mno kwa kichwa kifupi, tungesema *Dispholidus*. Hayakuwa nalo, yalikuwa laini. Swali la pili: hesabu safu za magamba katikati ya mwili, kuanzia ubavu huu, kupitia mgongoni, hadi ubavu wa pili. Mamba wa kijani huwa na 17 hadi 21. *Philothamnus* huwa na 15 au pungufu. Tulihesabu kwa njiti ya kiberiti, yeye akihesabu, mie nikiandika. Kumi na tano. Akarudia, kumi na tano. Akamtazama nyoka wake kimya kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo huyu nimemwonea."

Hayo ni ya nyoka aliyekwisha kufa, na hata huyo humshiki kichwa. Kwa aliye hai ufunguo ni mmoja: rudi nyuma, umpe njia. Rangi nayo isikudanganye, maana majike wengi wa *Dispholidus* ni wa kahawia.

Hadubini ikishindwa je?

Inashindwa, na mfano mkubwa tunaishi nao. Mbu aliyeitwa *Anopheles gambiae* alidhaniwa kuwa mmoja. Miaka ya 1960, watafiti walipowazalisha mbu wa sehemu mbalimbali za Afrika, wakaona madume chotara hayazai. Maana yake hawakuwa spishi moja. Leo tunajua ni kundi zima la spishi ambazo kwa macho hazitofautiani: *gambiae* mwenyewe, *arabiensis*, *merus* anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi huku pwani kwetu, na wengineo.

Kuna anayeniuliza, mbu ni mbu, tofauti inamsaidia nani? Inamsaidia aliyelala. *Gambiae* hupenda damu ya mtu, na hupenda kuuma usiku, ndani ya nyumba, kwa hiyo chandarua chenye dawa humpata. *Arabiensis* huuma ng'ombe pia, na huuma nje zaidi, basi chandarua kilekile humpata kwa nadra. Ukihesabu mbu bila kuwatenganisha utasema dawa haifanyi kazi, kumbe imemaliza mmoja na kumwacha mwingine. Amani yenyewe ilikuwa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1950, na sehemu ya elimu hii imetoka kwenye vijiji vya Muheza.

Siku hizi mguu mmoja wa mbu unatosha kusoma vinasaba vyake. Kwa wanyama wengi husomwa kipande cha jeni moja iitwayo COI, chenye herufi kama 650, kikalinganishwa na vilivyokwisha kuhifadhiwa. Kwa mbu hawa hata hicho hakitenganishi vizuri, ndiyo maana wana kipimo chao maalumu. Na vinasaba bila sampuli iliyotajwa jina na mtu anayejua ni namba ya simu isiyo na mwenyewe.

Jina likishatolewa, nini kinalizuia lisitangetange?

Kitu halisi, kilichowekwa mahali. Anayeeleza spishi mpya huteua sampuli moja iitwayo holotaipu, na jina hufungwa hapo. Mkibishana baada ya miaka mia, mnarudi kuitazama hiyo. Mimea hukaushwa ikabandikwa kwenye karatasi na kutunzwa hebaria.

Wajerumani walianzisha taasisi yao ya kilimo na biolojia Amani mwaka 1902, na hebaria iliyoanzia pale ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Lakini sehemu kubwa ya mimea ya Usambara waliyoipa majina walikuwa wameipeleka Berlin. Machi 1943 hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu ikaungua. Jani lililochumwa juu ya mlima wetu, likavuka bahari, likateketea kwenye vita isiyolihusu. Kilichookoa majina mengi ni mazoea ya wakusanyaji kukausha matawi kadhaa ya mti mmoja na kugawia hebaria mbalimbali. Nakala iliyobaki huteuliwa ishike nafasi ya iliyopotea.

Je, picha inatosha? Kuna nyani wa Rungwe na Udzungwa aliyeelezwa mwaka 2005 kwa picha, kwa kuwa watafiti hawakutaka kumuua mnyama adimu kiasi kile. Watu walibishana sana. Baadaye alipatikana mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima, wakampima, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe: *Rungwecebus kipunji*. Binafsi nilikuwa upande wa picha.

Kwa nini mnabadili majina kila siku?

Wanasema Tanga waja leo, waondoka leo. Majina nayo yana tabia hiyo, ila huwa na sababu.

Chukua ua dogo la zambarau la Usambara, lile ambalo Ulaya hulipanda kwenye vyungu vya dirishani. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huku, alilituma kwa baba yake, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita *Saintpaulia ionantha*. Kwa zaidi ya miaka mia likakaa hivyo. Vinasaba viliposomwa, ikaonekana *Saintpaulia* limechipua ndani ya tawi la *Streptocarpus*. Sheria ya mimea inasema jina la zamani ndilo lenye haki, na *Streptocarpus* lilitolewa 1828. Basi tangu 2015 wataalamu wengi huandika *Streptocarpus ionanthus*.

Umeona mwisho ulivyobadilika, *ionantha* kuwa *ionanthus*? Kilatini kina upatanisho. *Saintpaulia* ni la jinsia ya kike, *Streptocarpus* ni la kiume, na kivumishi lazima kifuate. Wageni wangu wa Ulaya hulishangaa hilo. Mswahili hashangai: kiti kizuri, mti mzuri, ukihama ngeli unabadili kiambishi.

Mkonge je? *Agave sisalana*, ulioletwa na Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai, ikajaza mashamba ya Korogwe hadi Pangani. Jina lake halikutikisika, ila familia yake imehamishwa mpaka imechoka: vitabu vya zamani vinauweka Amaryllidaceae, vya baadaye Agavaceae, na tangu 2009 wengi wanauweka Asparagaceae, pamoja na asparagasi. Katani ni ileile.

Lipo badiliko moja ambalo halikutokana na vinasaba. Mimea mingi ya kusini mwa Afrika iliitwa *caffra*, neno lililotokana na "kafiri" ambalo makaburu walilifanya tusi kwa mtu mweusi. Julai 2024, kwenye mkutano wa wanabotania huko Madrid, ilipigwa kura majina hayo yaandikwe *affra*. Wapo waliolalamika kwamba siasa imeingia kwenye Kilatini. Imeingia lini? Ilikuwemo tangu mwanzo.

Je, kuna majina ya kisayansi yaliyotokana na kwetu?

Yapo, na mengine yananifurahisha sana. *Kinyongia* ni "kinyonga" wetu aliyevalishwa kanzu ya Kilatini mwaka 2006. Kwenye milima ya Ukaguru kuna chura aliyepewa jina 2002: *Churamiti maridadi*. Lisome tena kwa sauti. Hahitaji mkalimani. Kuna perege wawili walioelezwa 1955, *Oreochromis korogwe* na *Oreochromis pangani*. Na kuna kereng'ende *Amanipodagrion gilliesi*, ambaye jenasi yake imebeba jina la Amani na spishi yake jina la Mick Gillies, mtafiti wa mbu aliyefanya kazi pale. Yumo hatarini kabisa kutoweka. Nikipita na wageni kwenye vijito vya Amani nawaomba wasikanyage maji.

Naweza kumpa kiumbe jina langu mwenyewe?

Sheria ya wanyama haikukatazi. Watu watakucheka. Kawaida wewe humpa jina mwenzako, naye siku moja huenda akakukumbuka.

Chungwa la Muheza lina alama ya kuzidisha. Ni kosa la chapa?

Si kosa. *Citrus × sinensis*: alama hiyo inasema ni chotara. Wazazi wake ni wa ukoo wa chenza na ule wa balungi kubwa lenye ganda nene.

Silikanti wa Tanga ni yuleyule wa Komoro?

Swali zuri kuliko yote, na kwa kawaida huulizwa na wavuvi. Silikanti alijulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, akidhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, mpaka Desemba 1938 mmoja aliponaswa Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, wa makumbusho ya East London, alimwona kwenye rundo la samaki. Mwaka uliofuata J.L.B. Smith akamwita *Latimeria chalumnae*, kwa jina la huyo mama na mto Chalumna. Kwetu alianza kuingia kwenye majarife miaka ya 2000, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa 2009.

Wa Indonesia alipewa spishi yake, *Latimeria menadoensis*, mwaka 1999. Wa Tanga wamesomwa vinasaba, wakaonekana ni kundi lililojitenga kiasi na wenzao wa Komoro, lakini tofauti ni ndogo, kwa hiyo wote wawili wamebaki *chalumnae*. Mbu unaweza kuwazalisha chupani ukaona. Silikanti anaishi mita mia na zaidi chini, huwezi kumfungia na mchumba ukasubiri. Hapo mtu hupima umbali wa vinasaba na kuamua unatosha au hautoshi. Wavuvi wetu huwa hawaridhiki na jibu hilo, na sidhani wamekosea.

Kinachotambulika bila ubishi ni mmojammoja. Madoa meupe ya silikanti hayafanani kwa wawili, kama alama za vidole.

Nipige picha vipi ili isaidie?

Mmea: jani juu na chini, jinsi majani yanavyokaa kwenye kijiti, ua au tunda, na gome. Weka sarafu ya mia mbili pembeni tujue ukubwa. Taja mahali na tarehe. Samaki: ubavu mzima, pezi la mgongoni limefunguliwa. Nyoka: kwa mbali, na tafadhali, kama alikwisha kuuawa, asipondwe kichwa. Nusu ya picha ninazoonyeshwa hazina kichwa cha kutazama. Na usichume wala kukamata kitu ndani ya hifadhi. Hilo linataka kibali.

Na ukishindwa kumtambua?

Nashindwa mara nyingi. Viumbe vilivyokwisha kupewa majina duniani ni kama milioni mbili, na visivyopewa ni vingi zaidi, hasa vidogo. Hapo naandika jenasi nikiijua, kisha *sp.*, yaani spishi ambayo haijatambuliwa, na nukta yake. Daftari langu lina *sp.* nyingi. Mmojawapo ni konokono niliyemkuta chini ya gogo Amani wakati wa masika, mdogo kama punje ya mtama, gamba rangi ya chai ya maziwa. Nimemwonyesha watu watatu wanaojua konokono kuliko mie. Wa mwisho alimgeuza chini ya lenzi, akamgeuza tena, akauliza kama nina mwingine.